Kiti cha Uzaramo

Mtani wangu Shomari,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapokabidhiwa nchi ndogo ni kudhani wamepewa ili waikuze. Ndivyo ulivyoniambia siku ya kwanza mbele ya kompyuta, kwa sauti ileile uliyotumia miaka yote kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha pili kwamba hasi mara hasi ni chanya. Ulisema nchi ndogo ina kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha kesho ipo. Mimi niliyefundisha historia mpaka nikastaafu nilikucheka. Nikasema hayo ni maneno ya Mzaramo asiyependa kutoka nyumbani.

Naanza hapo kwa sababu kosa hilo limefanyika, tena limefanyika kwenye kiti chako.

Nitaeleza polepole. Mengi ya haya unayajua, lakini barua hii nitamwachia Sikudhani, na binti yako hajawahi kuelewa wazee wawili wastaafu walikuwa wakifanya nini kila Alhamisi mbele ya ramani. Aliwahi kuniuliza kama tunacheza kamari.

Ni mchezo wa historia, Sikudhani. Mchezaji huchagua nchi yoyote ya karne zilizopita na kuiongoza mwaka hadi mwaka: ushuru, ndoa za watawala, majeshi, mikataba. Nchi nyingine zote huongozwa na mashine. Baba yako aliuleta kwangu Soga baada ya mama yako kufariki, alipoona siku za Maneromango zimekuwa ndefu. Alikuja na kompyuta yake kaifunga kwenye kitenge, akaniambia nimwoneshe kwetu kwenye ramani. Nikaupata Unyamwezi, umeandikwa vizuri, una rangi yake. Tukashuka na kidole kuelekea pwani kutafuta kwao. Hapakuwa na Uzaramo. Palikuwa na kipande cha kijivu, na alipokibonyeza, mashine ilisema ni ardhi tupu isiyo na wenyewe, inayosubiri walowezi.

Hukukasirika, mtani. Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati, ukasema, "Kumbe babu zangu walikuwa wanawatoza wapagazi wenu hongo ya njia wakiwa hawapo."

Kisha ukaenda zako kujifunza jinsi mafaili ya mchezo yalivyopangwa. Ilikuchukua miezi, lakini mwalimu wa hesabu hashindwi na orodha za namba. Uliporudi, Uzaramo ilikuwepo. Ilikuwa na jimbo moja, rangi ya kisamvu, na makao makuu Maneromango. Nilikuuliza kwa nini usijichukulie na Dar es Salaam kabisa, ukanijibu kwamba pale hapajawa na watu bado, na wakija watanunua mihogo kwetu. Uliiweka nchi yako kwenye kompyuta yangu pia, kwa flashi, ili tuunganishe mashine zetu kwa waya tucheze pamoja. Faili moja tu ulinikataza. Ilikuwa orodha ya majina, ambayo mashine huchota humo jina la mtawala mpya kila wa zamani anapokufa. Kila nilipotaka kuichungulia uliifunika kwa kiganja na kusema ni siri ya nchi.

Tukacheza hivyo, wewe Pazi wa Uzaramo, mimi Mtemi wa Unyamwezi. Wewe na kikosi chako kimoja. Kimoja tu, miaka hamsini ya kwenye ramani. Kila mwaka mpya ulimtumia zawadi jirani aliye mkubwa kuliko wote, na misafara yangu ilipopita kwako ulinyoosha mkono juu ya meza na kusema, "Lipa, mpagazi." Mimi nilipigana vita tisa. Nilishinda sita, nikapoteza mbili, na ile ya tisa sikujua hata aliyeianzisha. Nilipoinua kichwa, nchi yangu ilikuwa imechoka na yako ilikuwa palepale.

Sasa niseme la utani, maana wajukuu wako wanakulia mjini na huenda hawalijui. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wazee wetu walipopita na mizigo kwenda pwani, wazee wenu waliwasimamisha njiani. Waligombana, wakapatana, na kilichobaki hadi leo ni ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, pamoja na wajibu wa kuzikana. Ulinizidi miaka miwili, wala hukuwahi kuipata shikamoo yangu. Nilipofika mlangoni pako ulisema, "Umefika, mpagazi? Tua mzigo." Nami nikajibu kwamba nimekuja kuwaamsha Wazaramo, jua limeshapanda.

Sikudhani alinipigia simu Jumatatu asubuhi. Alisema umeanguka kwenye mihogo, na jembe lilikuwa bado mkononi. Sikumwelewa. Nikamuuliza kama umeumia.

Mvua ilikuwa imeikata barabara baada ya Mlandizi, nikafika Maneromango nimechafuka tope mpaka magotini. Watu walikuwa wameshajaa. Nilijua kazi yangu, mtani. Ulinieleza mara ngapi? Jeneza likitoka, mtani hulala njiani. Hulizuia lisipite mpaka apewe kitu, hata muhogo mmoja. Huvaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akamsema madhaifu yake yote mbele ya watoto wake. Wenye msiba hucheka huku wanalia. Bila kicheko hicho, ulisema, watu hurudi nyumbani na maiti kifuani. Ulikuwa umenipangia hata cha kuigiza. Nikuigize unavyotafuta miwani nyumba nzima, na miwani iko kichwani kwako.

Jeneza likatoka. Wabebaji walipunguza mwendo. Waliniangalia, wakaniachia njia yote. Nami nilisimama kando ya mkorosho nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Wakasubiri kidogo. Kisha wakapita.

Sitasahau kule kupita kwao. Hakuna aliyenilaumu wala kunigusa. Walinipita tu, miguu mingi kwenye tope, mimi nikiwa nimeshika mti.

Baada ya mazishi dada yako Bi Tatu alisubiri watu wapungue, akanijia na fimbo yake. Hakunitukana, na laiti angenitukana ningeweza kumjibu. Alisema, "Mwalimu, umetuacha tumelia peke yetu." Halafu akaniambia arobaini inakuja, na mtani aliyeshindwa mazikoni anaweza kuitimiza kazi yake siku hiyo. Baada ya arobaini hakuna siku nyingine.

Nimeishi na neno hilo. Nilikaa barazani Soga nikitafuta utani kama mtu anayetafuta ufunguo. Unafahamu sura ya nyumba yangu, na unajua treni ya umeme inavyopita pale chini bila kelele, mpaka unahisi upepo kabla hujaisikia. Siku moja nilijaribu kukohoa kama wewe, kile kikohozi chako cha kabla ya kusema jambo. Kikatoka. Kikatoka sawasawa kabisa, na nikageuka kuangalia nani amekohoa.

Sikujaribu tena.

Mchana wa Alhamisi ya tatu nilifungua mchezo. Sikutaka kucheza. Nilidhani nikiiona nchi yako nitakumbuka moja ya matusi yako, na tusi moja lingenitosha kuanzia. Lakini katika mchezo ule kiti hakiachwi wazi. Mchezaji asipotokea, mashine hukalia nafasi yake na kuendelea. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua kwamba bahari ni ya chumvi. Nikabonyeza muda uanze kutembea, na kabla mwezi mmoja wa ramani haujaisha ukatokea ujumbe: Uzaramo imekutumia mjumbe na zawadi.

Nilitazama upande wa pili wa meza, mtani. Nilitazama kabla ya kufikiri.

Nikawa nafungua kila mchana. Mashine ilikitembeza kikosi chako. Kilitoka Maneromango mpaka mpakani, kikasimama, kikarudi, kikatoka tena, miezi na miezi, bila vita wala sababu. Najua maelezo yake. Mashine hupima hatari, hatari ikibadilika kidogo hubadili uamuzi, na kikosi huenda na kurudi. Ningeweza kulifundisha hilo darasani. Lakini mimi nilikiona kinatafuta mtu. Nilifika mahali nikawa nasema "bado" kila kilipofika mpakani.

Halafu likaja kosa. Mashine iliajiri kikosi cha pili, kisha cha tatu. Ikaacha kutuma zawadi. Ikauvunja mkataba wako na mimi, ule uliokaa miaka yote, kwa sentensi moja ya Kiingereza kavu. Na kama nchi zote ndogo zinazopata mkuu mwenye haraka, ikadai kipande cha ardhi ya Kilwa. Kilwa, mtani. Wenye bandari kumi. Nilipiga meza kwa kiganja nikakuita kwa jina, nikakuambia acha. Nilikuwa nakukaripia wewe.

Vikosi vyako vitatu vilikwisha kwenye pigano moja. Kilwa ikaja ikaizingira Maneromango. Mimi nilikuwa nje ya ugomvi, sina mkataba, sina njia ya kuingia, nikatazama namba ya chakula mjini ikishuka. Ikifika sifuri, mji hufunguliwa, na nchi ya jimbo moja ikipoteza jimbo moja hufutwa kwenye ramani. Rangi ya kisamvu ingeondoka, na pale pangekuwa rangi ya mtu mwingine. Nchi ile haipo mahali pengine popote, Shomari. Iko kwenye kompyuta mbili, yako imefungwa kwenye kabati la Sikudhani, na hii yangu. Niliona nakuzika mara ya pili, na mara ya pili pia nimesimama kando ya mti.

Katikati ya kuzingirwa, Pazi wako akafa. Alikuwa mzee, miaka ya kwenye ramani ilikuwa imemfikia. Mashine ikaenda kwenye orodha yako kuchota jina la mrithi.

Kisanduku kikafunguka katikati ya skrini. Kilisema mtawala mpya wa Uzaramo ameketi kwenye kiti cha Maneromango, na jina lake ni Kulwa Mpagazi.

Nilisoma mara tatu. Kulwa ni mimi. Hilo la pili hakuna mwingine duniani aliyewahi kuniita.

Mtani, nilicheka. Kilianza kama kikohozi, kikageuka, nikashindwa kukizuia, nikainama juu ya meza, miwani ikaanguka. Nilicheka mpaka jirani yangu, yule mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini, akasimamisha ng'ombe zake njiani kuuliza kama niko salama. Nikamwambia nimerithi nchi. Akafikiri kidogo, akauliza, "Ina majani?"

Nilifungua faili uliyonikataza. Nakuomba radhi, lakini nadhani mtawala ana haki ya kusoma siri za nchi yake. Humo nimewakuta babu zako kwa mpangilio, nimemkuta mkuu wetu wa shule wa zamani, nimemkuta yule mpishi wa bweni aliyekuwa akitufichia ukoko wa wali. Na mbele ya kila jina kuna namba, inayoiambia mashine jina lichotwe kwa wingi gani. Babu zako umewapa moja moja. Mimi umenipa mia.

Kwa hiyo ulikuwa unaingoja. Alhamisi baada ya Alhamisi ulikaa mbele yangu na uso wa hesabu, unamtunza yule Pazi mzee, unangoja afe kitandani, uione sura yangu siku ambayo Mnyamwezi atatangazwa mkuu wa Wazaramo. Ndiyo maana ulikuwa ukiniambia tusiharakishe miaka. Nilidhani ni subira. Ulikuwa na kichekesho mfukoni na hukupata kukitumia.

Au umekitumia. Sijui nisemeje juu ya hilo. Mimi ni mtu wa darasani, najua namba mia ikiwa katikati ya moja moja, lazima itoke. Lakini nilikuwa nimetafuta utani siku thelathini na nisiupate, na uliponijia ulikuja kwa mkono wako. Mtani ndiye anayepaswa kumchekesha mfiwa, na katika msiba huu mfiwa nilikuwa mimi, na marehemu amekuja kunifanyia kazi yangu.

Kilichofuata ni kidogo. Mara tu alipoketi, yule Kulwa Mpagazi alituma mjumbe Unyamwezi kuomba mkataba, kwa kuwa mji wake una njaa na hana jeshi. Yaani najiomba mwenyewe nije kujiokoa. Ombi liko kwenye skrini hadi sasa. Nimesimamisha muda na sijabonyeza kitu, maana jibu lile sitaki kuipa mashine. Nilimpigia Sikudhani, nikamweleza yote kwa simu, nikitegemea ataniona nimechanganyikiwa. Yeye akauliza kama kiti cha baba yake anaweza kukikalia mtu asiyejua mchezo. Nikamwambia baba yake naye alianza hajui, na kwamba somo la kwanza ni fupi.

Leo ni arobaini, Shomari. Naandika asubuhi, gari la kwenda Mlandizi nimeshaliagiza. Nitakueleza nitakachofanya, kwa sababu ukikiona kwa mara ya kwanza pale unaweza kudhani nimerukwa na akili.

Nitashuka mbali kidogo na nyumba. Nitajitwika kompyuta kichwani, imefungwa kwa kitenge kile ulichokisahau kwangu, na nitaingia uani kwa mwendo wa mpagazi, nikiimba vibaya. Mlangoni sitasalimia mtu. Nitatua mzigo kwenye njia ya kuingilia ili masheikh wasipate pa kupita, nitatangaza kwamba Pazi wa Uzaramo amefika, anaitwa Kulwa, ana hati, na anataka kiti. Nitadai hongo ya miaka yote ambayo babu zako walitutoza. Nitaitaka kwa mihogo. Bi Tatu akikataa, nitalala chini. Nina miaka sabini, kulala nitalala, kuamka wataniamsha wao. Kisha nitaomba kofia yako, nitaivaa, nitaanza kutafuta miwani. Nitaitafuta chini ya mkeka, kwenye sufuria la pilau, mifukoni mwa shemeji zako. Nitakohoa. Safari hii nikikohoa sitageuka.

Huenda sauti itanikatika. Nimejizoeza mbele ya ng'ombe wa jirani na ilikatika mara mbili. Ikikatika nitasimama hapohapo katikati ya njia mpaka irudi. Sitakwenda kushika mti.

Watu wakishakula, mimi na Sikudhani tutaunganisha mashine zetu kwa waya kwenye meza yako. Yeye ataketi upande wako. Nitalipokea lile ombi, nitashusha majeshi yangu yote kutoka Tabora, mji utapata chakula, na wapagazi watarudi kwao bila kuchukua hata kijiji kimoja. Nakuahidi hilo. Uzaramo itabaki na jimbo moja na kikosi kimoja, na mwaka mpya ukifika, Sikudhani atampelekea zawadi aliye mkubwa. Mashine haitakalia tena kiti chako, maadamu Alhamisi zipo na mmoja wetu ana macho ya kuona ramani.

Kwaheri, mtani. Sikukuaga siku ile, nilikuwa nimeshika mkorosho. Sasa nakuaga kwa mikono mitupu. Ulinizidi miaka miwili, na hili hukuwahi kulisikia kwangu ukiwa hai, kwa hiyo usilizoee: shikamoo.

Leo nikifika, cheka.

Kulwa
Soga